Mjane wa Kwenye Shuka

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu aliondoka mji wetu wa Mocímboa, akavuka mpaka kwenda kukata mkonge upande wa Tanzania. Alisema atarudi na baiskeli. Hakurudi yeye wala baiskeli. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Nikatolewa shule nikiwa segunda, darasa la pili, ndiyo kwanza najua kuandika jina langu bila kutoa ulimi nje. Nikapewa kikaango, nikaambiwa nenda bandarini kakaange mihogo.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Huruma ningeitaka wakati ule, na wakati ule waliokuwa nayo walikuwa wanaitumia kwa watu wao. Niliosoma nao segunda wengine wakaja kuwa wakubwa, wanavaa viatu vya kamba, wakija bandarini wananinyooshea kidole bila kunisalimu: "Kipande kile, kilichoiva." Leo wanakuja kwenye banda langu la video na wanakaa kwenye benchi ninalowaambia wakae.

Nilikaanga mihogo miaka mingi. Halafu nikaanza kuokota jongoo bahari maji yakipwa, nikawauzia wafanyabiashara waliokuwa wanawapeleka sijui wapi wakaliwe na sijui nani. Watu walinicheka, mwanamke mzima anaokota vitu vya kutia kinyaa. Jongoo wale wakanipa televisheni, televisheni ikanipa banda la video, na waliocheka wakaja kulipa kiingilio. Vita vilipoingia mjini tukakimbia kama wengine. Niliporudi banda halikuwa na paa, na shuka jeupe la kuonyeshea lilikuwa limechukuliwa. Sikulaani mtu. Lilikuwa shuka, bila shaka kuna aliyejifunika.

Nikajenga tena, nikanunua projekta. Kazi yangu ndani ya banda ni kusema. Filamu zinakuja na lugha zao, Kihindi, Kichina, Kiingereza, na mimi nakaa kando ya shuka na kipaza sauti, nawasemea wote: wanawake, wanaume, watoto, ikibidi na farasi. Lugha hizo sijui hata moja. Kireno ninacho cha kuombea karatasi na cha kugombana na wenye karatasi, basi. Wageni huniuliza, sasa mama unajuaje wanachosema? Najua kwa sababu nina macho. Mama mkwe asiyempenda mkwewe ana uso mmoja dunia nzima. Kijana mmoja aliyetoka kusoma Nampula alinisahihisha siku moja mbele ya watu, ati yule bwana hakusema "nitakuua," alisema "pita ndani." Na kweli yule mwingine akapita ndani, wakanywa chai. Hakuna aliyejali. Watu walikuwa wamekwisha kumkasirikia, wakamkasirikia hadi mwisho.

Sasa habari ya mdogo wangu.

Mdogo wangu, yule wa mimba niliyoitaja, ni mwanamke wa maneno machache. Akikuambia "maji yamechemka," hiyo ndiyo hotuba yake ya siku. Mumewe alifariki kwa maradhi tukiwa ukimbizini. Alikaa eda yake huko huko chini ya turubai, ikaisha, tukarudi mjini, akaja kukaa kwangu. Ikapita mwaka, ukaja mwingine. Mwaka jana baada ya Idi, ndugu wa marehemu akaleta posa. Sinia ya halua, kapulana mbili mpya, vitenge vya kujifunga, na chupa ya manukato. Mdogo wangu akaipokea sinia kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, akaiweka juu ya kabati, akaenda kuchambua mchicha.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Na kwa sababu hakusema kitu, mtaa mzima ukasema amekubali. Wazee wa upande wa pili wakatoa siku: Ijumaa baada ya swala watakuja kuchukua jibu, na kama hakuna neno baya, ndoa itasomwa hapo hapo.

Huyo ndugu wa marehemu ni fundi wa milango. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, tungemfukuza na mwiko. Ana nyumba ya bati, halewi, anaswali. Ila ana tabia moja: akiingia nyumbani kwako anashikashika vitu. Anagonga mlango wako kusikia mbao gani, anainua kiti kuona kimeungwaje. Yeye ni shemeji yangu na mimi ni shemeji yake, na mashemeji kwetu hutaniana, kwa hiyo nilikuwa nikimwambia: "Nigonge na mimi basi usikie kama nimeliwa na mchwa."

Jumatatu ya wiki ile ile ya jibu alikuja bandani, anatokwa na jasho la furaha.

"Shemeji, nimekuletea dawa."

"Ya minyoo?"

"Ya mdogo wako. Hii." Akatoa flashi mfukoni, imefungwa kwenye leso kama jino la dhahabu. "Nimeitoa Mtwara. Filamu ya zamani, ya kizungu. Wanawake wana magauni, shemeji, gauni moja linafagia soko zima. Lakini si hayo. Picha inatoka."

"Inatoka inaenda wapi?"

"Inatoka kwenye shuka! Inakufuata ulipokaa. Unavaa miwani hii." Akanionyesha furushi la miwani ya karatasi, jicho moja jekundu, jicho moja la bluu. "Mtu akinyoosha mkono kule, unakufikia huku puani."

"Wa kwangu wakinyoosha mkono huwa wanaomba."

Akacheka, halafu akasogea karibu. "Hadithi yake ndiyo dawa. Mwenye duka kanihadithia. Kuna mwanamke tajiri, mumewe anaanguka kwenye farasi, anakufa. Anabaki mjane. Watu wabaya wanamzunguka. Nani anamwokoa? Ndugu wa mume! Anamwoa, mwisho, wanalia kwa furaha. Sasa wewe ionyeshe keshokutwa, siku yako ya wanawake peke yao. Mdogo wako muweke mbele. Na wewe unajua kusema, shemeji. Wasemee vizuri. Ijumaa tunakuja kuchukua neno letu."

"Neno lenu au neno lake?"

"Si yote moja?"

Nilikubali. Msinitazame hivyo. Picha ya kutoka kwenye shuka sikuwahi kuionyesha maishani, na kulikuwa na mtu amefungua banda jingine karibu na soko, ana viti vya plastiki, anawaambia watu mimi nimechakaa. Na habari ya mdogo wangu niliona ni yake. Ana mdomo. Mama alimzaa nao, nilikuwepo.

Miwani haikutosha. Nikakaa usiku wa jana yake natengeneza mingine: makasha ya sabuni nikayakata, jicho jekundu nikaweka karatasi ya peremende, jicho la bluu nikaweka plastiki ya kufunikia madaftari, nikagundisha kwa uji wa muhogo. Ikapendeza. Baadhi nilikosea nikaweka nyekundu upande wa bluu, lakini nilidhani jicho ni jicho.

Jumatano baada ya adhuhuri wanawake wakaja. Siku hizi tunaonyesha mchana, watu hawataki kutembea giza likiingia, kwa hiyo kuta zote nimezifunika nailoni nyeusi na ndani ni joto la kuivisha ndizi. Wengi walikuwa wamepaka msiro usoni, ule unga wa mti wa urembo, mweupe pee, halafu juu ya msiro wakavaa miwani, jicho jekundu, jicho la bluu. Nilipogeuka kuwatazama nilisema moyoni, hata kama projekta itaharibika, cha kulipia kiingilio nimekiona mimi.

Mdogo wangu nilimweka benchi la mbele kama nilivyoombwa. Pembeni yake alikaa kungwi, bibi aliyewafunda nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani, mimi nikiwamo. Kungwi hajawahi kukosa filamu, na hajawahi kuipenda hata moja. Wanaume hawaingii siku hiyo. Lakini shemeji alisema jenereta linahitaji mtu, akakaa nje ya mlango kando ya jenereta, nyuma ya pazia la gunia. Jenereta langu halijahitaji mtu tangu nilinunue. Nikamwacha.

Filamu ikaanza. Nyumba kubwa, ngazi, mishumaa, wanawake wana magauni kweli kama alivyosema, kitambaa cha vazi moja kingevalisha bairo letu, mtaa mzima. Mume akapanda farasi. Farasi akaja. Simaanishi alikuja kwenye picha, alikuja kwetu. Benchi la pili likalala chini lote. Mume akaanguka, kofia yake ikaruka ikatoka kwenye shuka, na jirani yangu mmoja mnene, muuza mkaa, akarusha mikono aidake. Akakamata hewa na kilemba cha mwenzake.

"Nirudishie!"

"Nilidhani kofia!"

"Kofia gani ina pindo?"

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Bwana amekufa. Nyamazeni, kuna msiba." Wakanyamaza. Mjane akatokea na nguo nyeusi, kitambaa chepesi usoni, anatembea taratibu anatujia, na banda zima likasogea nyuma kumpisha. Kuna waliosema "pole dada." Hapo nikajua filamu imeshika.

Ila wazungu wana haraka. Mara ile ile, maua ya kaburini hayajanyauka, mjane yule yule yuko kwenye ukumbi wa ngoma, mabega nje, anazungushwa.

"Eda!" kungwi akapiga kelele. "Huyu eda yake iko wapi?"

"Hajaanza!"

"Hata nywele hajafumua, tazama!"

"Mfungieni ndani huyo!"

Walikuwa wanataka kuvunja benchi. Nikafanya kazi yangu. "Imepita miezi minne na siku kumi," nikasema, sauti ya upole. "Imepita kati ya picha ile na hii. Hamkuiona kwa sababu mlikuwa mnagombania kilemba." Wakaguna, wakakubali. Kungwi akasema lakini mabega, hata kama imeisha. Nikasema mabega ni joto la kwao.

Basi yule mwanamke akacheza. Akaja mbele kabisa, anazunguka, anazunguka, kipepeo chake cha mkononi kinatoka hadi kwenye pua zetu, na jasho linamng'aa kwenye kipaji cha uso. Kwetu mwanamke akicheza hivyo haachwi akatokwa jasho peke yake. Unainuka, unatoa ncha ya kapulana yako, unamfuta, unarudi kukaa. Ndiyo heshima ya mchezaji. Muuza mkaa akainuka. Miwani usoni, kapulana mkononi, akatembea hadi kwenye shuka na akamfuta. Shuka zima likatikisika na mlima wa magauni ukapata mawimbi. Akafuata wa pili. Wakafuata wengine, kila mmoja anasukuma mwenzake ili amfute yeye kwanza. Walipomaliza, shuka langu lilikuwa na msiro mahali pote penye kipaji, na mpaka leo halijatakata vizuri.

Sikumkataza mtu. Wangemwacha bila kumfuta ndiyo ningeshangaa.

Halafu akaingia ndugu wa marehemu. Bwana ana masharubu kama pembe za mbuzi, koti refu, anafungua milango bila kubisha hodi. Nje ya pazia nikasikia jenereta likikohoa na shemeji akijisafisha koo. Nikashika kipaza sauti, nikamsemea vizuri kama nilivyoahidi: "Shemeji yangu, machozi yako yananichoma. Nipe mzigo wako niubebe."

Wanawake wakaanza kulainika. Wengine walipumua kwa nguvu. Nikamtupia jicho mdogo wangu: amekaa wima, mikono magotini, miwani usoni, hajatingishika.

Tatizo likawa yule bwana mwenyewe. Kila akimaliza kusema maneno matamu, anaanza kutembea chumbani akigusa vitu. Akagusa saa ya ukutani. Akagusa meza, akapitisha kidole juu yake, na kwa sababu picha inatoka, kidole kile kilipita mbele ya macho yetu kikubwa kama mhogo. Akafungua kabati la vyombo, akainua kijiko, akakitazama huku na huku.

"Anahesabu!" mtu akasema nyuma.

"Anahesabu vijiko vya marehemu!"

"Mpenzi," nikaharakisha mimi, "nyumba hii bila wewe si kitu."

"Nyumba kwanza, kumbe! Hakusema 'wewe bila nyumba'!"

"Huyu kaja kuoa kabati!"

Nikamsikia shemeji nje ya pazia: "Anapenda ufundi tu! Ni mtu wa ufundi!"

"Nani kasema hapo?" kungwi akauliza.

"Jenereta," nikamjibu.

Kicheko kikapanda hadi kwenye makuti. Mdogo wangu tu ndiye hakucheka. Ila nilimwona ameinamisha kichwa kidogo upande, vile anavyofanya anaponusa mchele kujua kama una fukusi.

Tukafika mwisho. Mjane amesimama dirishani. Yule bwana akapiga goti, akatoa pete, akainyoosha. Pete ikatoka kwenye shuka ikaja katikati ya banda, inaning'inia hewani, na kila mwanamke mle ndani aliona imeletwa kwake. Isipokuwa wale niliowapa miwani ya kukosea. Bibi mmoja wa upande wa kushoto akasema kwa nguvu, "Mbona kwangu mie inarudi nyuma? Inaingia ukutani!"

"Na kwangu!" mwenzake akaitikia. "Anaivuta! Hata yeye mwenyewe hataki!"

"Anatoa!"

"Anavuta, nina macho!"

"Nyamazeni," nikasema, "tumsikie bibi harusi."

Wakanyamaza. Yule mjane akamtazama, akainamisha macho. Hakusema kitu. Bwana akauchukua mkono wake akautia pete.

Hapa niseme kuhusu kazi yangu. Nimetia maneno kwenye midomo mingi, na mengi nimeyatunga mwenyewe, sioni haya. Lakini mdomo usiofunguka siusemei. Ukianza kuwasemea walionyamaza hutajua pa kuishia. Utawasemea na waliokufa. Kwa hiyo nilikaa kimya. Kilichosikika ni jenereta.

Pazia likafunguka kidogo. "Sema, shemeji!" akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi bandarini. "Sema amekubali!"

"Hajafungua mdomo."

"Kanyamaza! Akinyamaza si amekubali?"

Kungwi akavua miwani. Akageuka taratibu, na waliofundwa naye wakanyoosha migongo kama wako unyagoni.

"Wewe mwanangu wa jenereta," akasema, "njoo nikufunde, maana naona hukufundwa. Anayeozwa kwa kunyamaza ni mwali. Mwali ana haya, hajui mambo, ukimuuliza akanyamaza umepata jibu. Mjane si mwali. Mjane amekwisha kuona, kwa hiyo mjane husema. Kwa mdomo wake. Asiposema, hakuna ndoa, na mwalimu yeyote wa dini atakwambia hivyo hivyo. Huyo kwenye shuka hajaolewa. Kavalishwa pete tu, hata kidole cha maiti kinaingia pete."

"Hajasema!" wakaitikia wanawake. "Na aseme!"

"Dada, simamisha mashine!" akapaza sauti muuza mkaa. "Mpaka aseme!"

Nikasimamisha. Mzungu na mzungu wakaganda pale, mkono kwa mkono, msiro usoni. Na ndipo nikaona watu hawatazami tena shuka. Mmoja mmoja walikuwa wanageuza vichwa, jicho jekundu, jicho la bluu, wanamtazama mdogo wangu.

Mtaa mzima ulijua habari ya Ijumaa. Nao pia walikuwa wamesema amekubali.

Mdogo wangu akainuka. Hakuvua miwani. Nadhani kama angeivua asingeweza kusema. Akageukia mlangoni.

"Shemeji, upo?"

Gunia la mlangoni likatikisika. Halafu: "Nipo."

"Mimi sikutaki."

Vichwa vyote vikageukia pazia.

"Si kwa ubaya," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ndugu yako akirudi nyumbani alikuwa ananiuliza, leo umekula nini. Wewe tangu tumerudi umenijia mara nyingi, na kila ukija unaniuliza, kimebaki nini. Milango ile miwili aliyoniachia yeye, chukua. Ulikuja kuigonga, niliona. Mimi nibaki."

Akakaa. Nimeishi naye maisha yake yote na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Nikakiweka kipaza sauti mapajani.

Shemeji akasema kutoka nje, "Mbona hukusema siku ya sinia?"

"Hukuniuliza. Uliniletea halua."

Kungwi akavaa tena miwani yake. "Endesha filamu," akaniamuru. "Tumelipa."

Nikaendesha. Na wallahi, filamu haijasogea hata kidogo, yule mjane wa kwenye shuka akafungua mdomo akasema maneno mawili. Maneno gani sijui mpaka leo. Wanawake wote wakanigeukia.

"Toka nje," nikasema.

Banda likalipuka. Wakapiga makofi, wakapiga benchi. Na hapo hapo mjane yule akamkumbatia bwana, akambusu mdomoni, busu refu, linatoka kwenye shuka linatujia.

"Anamuaga," nikasema.

Ijumaa wazee wao walikuja, maana neno la kwenye banda la video kwao si neno. Wakakaa mkekani. Mzee wao akaanza kuzunguka na hotuba, kwamba wamekuja, na kwamba kimya cha mwanamke ni lulu. Mdogo wangu akatoka ndani kabla hajafika kwenye lulu ya pili, akasema, "Hapana, baba. Nashukuru," akaweka sinia mbele yao na kapulana mbili zikiwa zimekunjwa vile vile na manukato hayajafunguliwa. Halua haikuwepo. Halua niliila mimi, ile Jumatatu, nikidhani tumekubali. Nikawaambia hivyo. Mzee mmoja akacheka, halafu akakumbuka amekuja kwa jambo zito.

Shemeji alininunia. Alisema kwa watu nimeiharibu filamu yake, nimeitia maneno. Nikamtumia ujumbe kwamba maneno niliyoyatia yalikuwa yake, yaliyomwangusha ni yale ambayo sikuyatia. Flashi akaichukua. Tulikaa muda bila kutaniana, na niseme kweli, ilinikosesha ladha. Mashemeji wakisalimiana kwa adabu nyumba inakuwa kama ofisi. Baadaye akaoa mwanamke mwingine, mgeni wa kutoka visiwani, na siku alipokuja kunialika nilimuuliza, "Huyu kasema?" Akasema, "Amesema, shemeji. Amesema mpaka nimechoka."

Na mdogo wangu hakupokea sinia nyingine, ingawa zilikuja. Msimu wa kulima ulipofika aliniambia anakwenda kijijini Mute, kuna shamba la marehemu mumewe ambalo ndugu zake hawakuligusa, akalime karanga. Nikamwambia peke yako? Akasema ndiyo. Nikamwambia watu watasema. Akanitazama. Nikamfungia mzigo. Yuko huko hadi leo, ana kibanda, ana kuku, anakuja mjini kwa chapa, daladala za kwetu, akiwa na magunia. Kila akija hukaa kwangu siku chache, na bado hasemi sana. Lakini nimejifunza jambo: sasa namuuliza. Unakula wali au ugali? Unalala huku au kule? Namsubiri ajibu, hata chai ikipoa.

Mimi nina miaka sitini na kitu. Walioniona bandarini na kikaango wanajua nilikotoka, na asiyejua aje aulize. Leo nina nyumba moja ya matofali, vyumba vitatu, bati juu, haijaisha sakafu ya chumba kimoja. Nina banda la video lenye benchi kumi na nne za mninga. Nina projekta, spika mbili, kipaza sauti kimoja kizima na kimoja kibovu. Nina jenereta. Nina friji ya kuuzia maji baridi. Nina minazi tisa inayozaa na mitatu iliyokauka. Nina mbuzi watano, sita kama yule mweusi amezaa tangu asubuhi.